Kizibao Kilichofungwa Nyuma

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, Fundi alimfunga mumewe.

Si kwa ugomvi, la. Alikitandaza kizibao juu ya kitanda cha mbao, mzee akalala kifudifudi juu yake, shavu limegusa ubao, mikono kaitupa huku na huku kama nguo iliyoanuliwa. Kisha Fundi aliyakutanisha mabawa mawili ya ngozi mgongoni, akaingiza kamba katika matundu kuanzia kwenye nyonga, akapanda nayo pingili kwa pingili mpaka chini ya makombe ya mabega. Alivuta kwa mikono yote miwili, goti limekita kwenye ukingo wa kitanda.

“Toa pumzi, baba.”

“Nimetoa.”

“Ongeza.”

“Nikiongeza nitakata roho.”

“Kata tu. Cherehani iko hapo, nitakuunga.”

Mzee alicheka kidogo, maana ndani ya kizibao hakuna nafasi ya kicheko kikubwa. Akishafungwa, Fundi alimsaidia kuinuka, naye akasimama wima, kifua mbele, kidevu juu. Akitaka kuangalia pembeni aligeuka mwili mzima, kama kabati linapohamishwa.

Kizibao hicho kilikuwa cha ngozi nene, na ndani ya ngozi vyuma bapa vimeshonewa kusimama kama mbavu za mwavuli. Aliyekitengeneza ni fundi viatu wa hospitali. Tangu hapo kimebadilishwa kitambaa cha ndani mara nyingi, kimetiwa viraka kwapani na viunoni, na kamba zimekatika na kununuliwa nyingine. Kazi hiyo yote aliifanya Fundi kwa mkono wake. Ukimuuliza nani alikitunza kizibao kile kikadumu hivyo, angekujibu kwa majivuno kabisa kwamba ni yeye.

Zamani mzee alikuwa mpakizi katika ghala la saruji. Siku moja mifuko iliyopangwa vibaya ilimporomokea mgongoni, pingili moja ya kiunoni ikabonyea. Walimbeba kwenye mlango uliong'olewa bawabani, na muda mrefu alilala hospitali akiangalia dari. Daktari mkuu, mzee mwenye sauti ya kukoroma, ndiye aliyeagiza kizibao. Siku ya kuwaruhusu alimwinulia Fundi kidole: “Mama, huyu asisimame bila hiki. Mpaka nimwone tena.”

Waliporudi siku ya miadi, waliambiwa daktari amehamishwa. Wakaja tena, wakaambiwa wamsubiri mwingine. Mara ya tatu muuguzi aliwauliza, “Kwani yeye aliwaambiaje?” Fundi akajibu, “Mpaka amwone tena.” Muuguzi akasema, “Basi fuateni alivyosema.” Wakafuata. Baadaye wakasikia daktari yule amefariki, Mungu amrehemu, na agizo lake likabaki vilevile, halina wa kulifuta. Binti yao alikuwa bado anasoma darasa la chini, anajifunza kuandika jina lake. Sasa alikuwa ameolewa mji wa mbali, na ana mimba ya kwanza.

Ajabu ni kwamba ulemavu ule ulimpatia mzee kazi. Jengo kubwa la ofisi lilitafuta bawabu, na meneja alipomwona amesimama kwenye foleni wenzake wote wamejiinamia, alimchagua papo hapo. Siku zote hizo alisimama kwenye mlango wa vioo amenyooka, wakubwa wakimpita wanamsalimu, “Habari, Mlingoti!” Naye aliitikia bila kuinamisha kichwa, kwa kuwa hakiinamiki, wao wakadhani ni heshima ya kijeshi. Mtaani akina mama waliwaonyesha waume zao: “Tazama mgongo ule! Wewe unatembea kama umeangusha shilingi.”

Fundi, kwa upande wake, kukaa kwenye cherehani kulikuwa kumempinda mabega. Wakitoka pamoja, jirani yake muuza mkaa, mwanamke asiyejua kuuzuia ulimi, aliwapigia kelele: “Haya, Rula na Ndoano wanatoka! Wapisheni!”

Fundi alicheka na wengine. Lakini kuna jambo ambalo hakulicheka, na hakumwambia mtu. Kamba zile zilikuwa nyuma. Mzee hakuweza kujifunga wala kujifungua, na hakukubali kuguswa na mwingine. Kaka wa mzee alijaribu siku moja Fundi alipokuwa na homa, akakaza juu akalegeza chini, na mzee akashinda kutwa anaugulia mlangoni mwa watu. Hivyo Fundi hakuweza kulala nje ya nyumba yake hata usiku mmoja. Mama yake mzazi alipofariki, alikwenda na basi la alfajiri, akamwona akishushwa kaburini, na udongo haujakauka viatuni alikuwa ndani ya basi la kurudi. Dada zake walimsema sana. Alimeza.

Sasa binti akapiga simu. Mumewe ni dereva wa malori ya masafa marefu, alikuwa safarini.

“Mama, daktari amenikataza kuinuka. Nilale tu mpaka nijifungue. Mama, nani atanipa hata maji?”

“Nakuja, mwanangu.”

“Kweli?”

“Nimesema nakuja.”

Alipokata simu alibaki ameishika. Jirani muuza mkaa, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi ya baraza anasubiri gauni lake, alisema, “Shoga, nenda. Mimi nitamfunga huyo mzee wako. Nafunga magunia ya mkaa, nitashindwa mtu?”

“Atakubali umshike?”

“Simshiki kwa ubaya! Nitafumba macho.”

“Ukifumba macho utamfunga shingo.”

Walicheka, kisha Fundi akaacha kucheka, akafuta macho kwa ncha ya kanga yake. Alipiga moyo konde: atampeleka mzee hospitali, aombe kizibao kingine, cha kisasa, ambacho mtu anaweza kujivalisha.

Hospitalini walipelekwa kwa mtaalamu wa viungo, msichana mwenye uso mkavu na mikono ya moto. Chumbani mwake kiunzi cha mifupa ya mtu kilining'inia kwenye chuma. Alikizunguka kizibao mara mbili kabla hajakigusa.

“Nani aliwaambia avae hiki mpaka leo?”

“Daktari,” alisema Fundi, akakaa vizuri kitini. “Na tumefuata. Hatujaruka hata siku moja.”

“Alisema mpaka lini?”

“Mpaka amwone tena.”

Mtaalamu alikigusa kizibao kwa ncha ya kidole. Halafu akasema polepole, “Mama, alimaanisha miezi michache. Mfupa ukishaunga, basi.”

Fundi alisikia masikio yanawaka. Mzee alitazama ukuta mbele yake, kama awapo mlangoni.

Walimvua. Mtaalamu akakigeuza kile kiunzi ubavu. “Mzee, tazama. Uti wa mgongo haujanyooka. Shingoni unaingia, hapa nyuma ya kifua unatoka, kiunoni unaingia tena. Mipindo hiyo ndiyo inayomeza kishindo ukikanyaga chini. Kati ya pingili na pingili kuna kibonge cha gegedu, kinabonyea na kurudi. Na huku nyuma, kila pingili inashikana na mwenzake kwa viungo vidogo, kushoto na kulia, vidogo kama ncha ya kidole changu. Hivyo ndivyo vinavyokuruhusu kuinama na kugeuka. Visipotumiwa vinakakamaa, kama bawaba isiyotiwa mafuta.”

“Mimi wananiita Mlingoti,” mzee alisema. Alikuwa anajitetea.

“Mlingoti unashikiliwa na kamba, mzee. Na mgongo pia.” Akalegeza waya uliopita katikati ya pingili za kile kiunzi. Mifupa ilianguka mmoja juu ya mwingine ikigongana kama vikombe kwenye karai. “Mifupa peke yake haijui kusimama. Inasimamishwa na misuli na kano.”

Akauchukua mkono wa Fundi, akauweka kwenye mgongo wake mwenyewe, juu ya sare. “Unasikia?” Fundi alisikia kamba mbili nene za nyama zimeteremka pembeni mwa uti, ngumu, hai, zinacheza mtaalamu alipojigeuza. Kisha mkono ule ule ukawekwa kwenye mgongo wa mumewe. Hapo palikuwa na mifupa na ngozi, na katikati kitu laini, kilicholegea, kama mkono wa shati lisilo na mtu. Fundi alikuwa akiushughulikia mgongo ule kila kukicha. Hakuwa amewahi kuushika. Alishika kamba.

“Kizibao kimemfanyia misuli kazi yake yote,” alisema mtaalamu. “Misuli ikaona haina haja, ikajiondokea. Sitawapa kingine. Avue kidogo kidogo. Leo akae bila hicho muda mfupi, kesho aongeze. Alale kifudifudi ainue kifua. Apige magoti, ainue mkono mmoja, halafu mguu. Itachukua miezi. Akiendelea hivi, siku itafika hawezi kukaa kitako kula bila kufungwa.”

Njiani mzee alisema neno moja tu: “Mtoto yule, anifundishe mimi kusimama!” Walipofika karibu na nyumbani akaongeza, “Nimesimama mlangoni pale mbele ya wakubwa. Nikianza kuyumba kama mlevi, si nitamwaga unga?”

“Na mtoto wetu je?”

“Nimekuzuia?”

Fundi alitangulia kuingia ndani.

Walijaribu hivyo hivyo. Jioni alimvua, akamkalisha kwenye kigoda karibu na cherehani, yeye akashona kola. Mzee alikaa, mikono imeshika magoti. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Mgongo ulianza kutetemeka kama mguu wa meza mbovu, mbavu zikashuka juu ya tumbo, na kabla kola haijageuzwa alikuwa ameinamia upande. “Nifunge!” alisema. “Mama, nifunge, mgongo unavunjika! Nausikia!”

“Hauvunjiki, baba. Ni misuli—”

“Nifunge nimekwambia!”

Akamfunga. Wakati anavuta kamba alimsikia mzee anapumua kwa raha, kama mtu aliyefika kwao, na hapo moyo wake Fundi ukafa. Kesho yake hakukubali kujaribu. Wala kesho kutwa. Binti akapiga tena, sauti ndogo, akasema jirani yake wa huko amemwachia maji kwenye jagi na jagi limekwisha. Fundi akasema tena nakuja. Neno hilo lilikuwa limeanza kumtia aibu mdomoni.

Jumapili mzee hakwenda kazini. Baada ya chakula cha mchana alikuwa na desturi ya kuvuliwa, alale kidogo kwenye ubao. Fundi alimvua, akamfunika shuka, akakichukua kizibao. Kitambaa cha ndani kilikuwa kimechanika, alitaka kukitia kiraka. Akakaa kwenye cherehani, akakilaza mapajani tumbo juu. Akaitazama ile ngozi ya mbele, pana, nzima, haina kazi yoyote ila kufunika tumbo.

Mkasi ulikuwa karibu. Alishona kwa wateja suruali za kufungwa mbele na za kufungwa nyuma, magauni ya vifungo na ya zipu. Amegeuza makoti ya watu yakafungwa kulia badala ya kushoto. Aliitazama ngozi ile kwa muda. Kisha akasema kwa sauti, peke yake chumbani: “Mjinga mimi.”

Akaikata katikati, kutoka juu hadi chini. Ngozi ilikataa mara ya kwanza, akaushika mkasi kwa mikono miwili. Nyuma akayakutanisha yale mabawa, akayapandanisha, akayashona kwa uzi wa magunia, sindano ya viatu ikimchoma kidole gumba. Mbele akaweka mikanda ya begi kuukuu la shule la binti, yenye bizimu za chuma.

“Mama!” mzee aliita kutoka chumbani. “Kizibao changu kiko wapi?”

“Kiko kwangu.”

“Kilete.”

“Subiri.”

“Nasubiri nini? Nataka kwenda uani.”

Fundi hakuinuka. Alimsikia anahangaika juu ya ubao, anajaribu kujipindua, anashindwa, anajaribu tena. Mtu mzima, sauti yote hiyo, hawezi kutoka kitandani. Na yeye aliyekuwa na miguu yake mizima, amekaa hatua chache kutoka mlango wa nje miaka yote, hajatoka. Alivuta uzi, akaukata kwa meno, akaenda.

Mzee alikitazama kizibao mlangoni. Akaona bizimu. Macho yake hayakushangaa, na hilo ndilo Fundi aliloliona kwanza.

“Umekata mbele,” alisema.

“Nimekata mbele. Ni kazi ya mchana mmoja, baba. Mchana mmoja! Mimi fundi, watu wananiletea nguo kutoka mbali, na sikuwahi kufikiri.”

“Mimi nilifikiri.”

“Nini?”

Alikuwa amelala ubavu, hawezi hata kuuficha uso. “Yule fundi viatu wa hospitali aliniuliza. Alikuja kunipima, akasema, ndugu, nikuwekee kamba mbele au nyuma? Nikamwambia nyuma.”

“Nyuma kwa nini?”

“Nilikuwa nalala pale, nanyweshwa uji kwa kijiko, najisaidia kitandani. Kijana wa kubeba mifuko, sina tena mgongo. Na wewe ulikuwa mzuri, mama, watu wote walijua. Nikasema atanichoka. Ataondoka. Nikasema kamba zikiwa nyuma, kila asubuhi lazima awepo.”

Nje muuza mkaa alikuwa anamfokea mtu juu ya kipimo. Fundi alisimama amekikumbatia kizibao kifuani, vyuma vikimkandamiza mbavu.

“Siku ya mazishi ya mama yangu,” alisema, “ulijua haya?”

Chozi lilimtoka mzee, likakatiza pua kwenda kwenye ubao, wala hakuwa na njia ya kulifuta.

Fundi hakumtukana. Alikuwa na maneno, mengi, lakini yalikuwa yamekaa muda mrefu yakakakamaa. Alikitandaza kizibao chini yake, safari hii akimlaza chali, akayaleta mabawa mbele, akaachia.

“Funga.”

“Mama—”

“Bizimu ziko mbele yako. Funga.”

Mzee alizishika bizimu. Alianza ya juu, akakosea, akafungua, akaanza ya chini, kwenye nyonga, kama alivyokuwa akifanyiwa. Alijiinua kwa kiwiko, pole pole, akakaa, akasimama. Alikuwa amenyooka tena. Hakuna aliyemfunga.

Fundi alipanga begi asubuhi yake. Kanga, sabuni, vitambaa vya mtoto alivyokuwa ameshona kwa siri bila kujua kama atavipeleka yeye au atavituma. Mzee alimsindikiza hadi mlangoni.

“Utarudi lini?”

Alikuwa amelifikiria swali hilo usiku kucha, akageuzageuza majibu, mengine ya kuumiza, mengine ya kuponya. Akasema, “Siku utakayokaa kwenye kigoda bila hicho ukamaliza sahani yako, nipigie.”

“Na nisipoweza?”

“Bizimu ziko mbele, baba. Za kufunga na za kufungua ni hizo hizo.”

Akaondoka, mabega yake yamepinda, begi mkononi, hakugeuka.

Alifika, akamnywesha binti maji, akamgeuza ubavu, akamkanda kiuno kilichokuwa kinavutwa na uzito wa tumbo. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, na shingo laini isiyojua kusimamisha kichwa. Fundi alimlaza kifudifudi juu ya mapaja yake, akamtazama anavyohangaika kuinua kile kichwa, kinaanguka, anakiinua, mwenyewe bila kufundishwa.

Lakini alfajiri mikono yake iliamka kabla yake. Ilikuwa inavuta hewani, inatafuta kamba. Binti alimkuta hivyo, akacheka, “Mama, unavuta nini?” Akasema ameota anachota maji.

Kila jioni mzee alipiga simu. Mwanzoni alilalamika. Baadaye akaanza kutoa habari: leo nimekaa mpaka chai imepoa. Leo nimeinua mkono na mguu pamoja, nimeanguka, kaka amenicheka. Leo nimekula nusu. Yule binti wa hospitali amenishika mgongo, anasema kuna kitu kinarudi, kidogo, kama uzi. Sauti yake ilikuwa na kitu Fundi alikikumbuka kutoka zamani za ghala, na kila mara aliposema amepiga hatua, Fundi alisema, “Vizuri, endelea,” na kila mara alihisi mlango unasogea kufungwa. Hakupenda kujisikia hivyo. Alikuwa ameomba apone. Na alikuwa anaomba asipone upesi.

Ikafika jioni moja, mtoto amelala begani mwake, simu ikalia.

“Mama. Nimemaliza.”

“Umemaliza nini?”

“Sahani. Kwenye kigoda. Kizibao kilikuwa kwenye msumari ukutani. Kaka ameona, muuza mkaa ameona, ameniuliza mbona napinda kama watu.” Alikuwa anahema kidogo. Akasubiri.

Fundi alimpapasa mtoto mgongoni kwa vidole vyake vilivyovimba maungio, pingili ndogo ndogo, laini kama punje mbichi. Kwa mara ya kwanza tangu ajali ile, hakukuwa na kamba iliyoungoja mkono wake.

“Baba,” alisema, “viatu vyako nani anakufungia?”

“Kaka.”

“Basi siku utakayoinama ukavifunga mwenyewe, nipigie.”

“Mama, hilo hatukukubaliana!”

“Ndiyo tunakubaliana sasa.”

Upande wa pili mzee akacheka, kicheko kirefu, kikubwa, cha mtu ambaye hakuna kitu kinachombana kifuani. Kicheko kile kilimchoma Fundi kuliko kama mzee angekasirika. Alisema usiku mwema, akaiweka simu chini, akabaki amekaa pale pale, kwa kuwa mtoto alikuwa amelala na hakutaka kumwamsha.